Soketi Kwenye Picha

Nilikuwa nakunywa chai ya jioni nyumbani kwangu Buguruni, Dar es Salaam, simu ilipoita. Alikuwa mpwa wangu wa Morogoro, binti wa dada yangu. Kwa kawaida mtoto huyu akinipigia huniamkia, hunitania kidogo kuhusu timu yangu ya mpira, ndipo aseme shida yake. Siku hiyo alisema, "Shikamoo Mjomba," akanyamaza.

"Marahaba mama. Habari za huko?"

Kimya. Halafu nikasikia anavuta kamasi, nikajua analia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niwasimulie kilichompata. Amesema nimfiche jina, lakini nisifiche kitu kingine chochote. Basi kaeni vizuri, vijana wangu, maana kila ninapoisimulia habari hii hakosekani mtu wa kusema, "Hata mimi walinifanyia hivyo hivyo."

Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Wakati akisubiri matokeo aliuza barafu za ukwaju pale mtaani kwao, moja shilingi 100, na pesa akawa anaidumbukiza kwenye kibubu. Alikuwa anataka simu ya kwake, apumzike kuazima ya mama yake. Ukitoa sukari, umeme na vifuko, kila barafu ilimwachia kama shilingi 50. Siku alipovunja kibubu alikuta 180,000. Fanya hesabu mwenyewe: hizo ni barafu 3,600. Ni mara 3,600 amesimama juani, amefungua kifuniko cha ndoo, ametoa chenji.

Kisha akaiona simu Instagram. Picha ilikuwa safi, simu imelala juu ya meza nyeupe, kioo kinang'aa. Chini yake kumeandikwa: OFA YA SIKU TATU TU. Tupo Kariakoo. Mikoani tunatuma. Simu ambayo madukani inauzwa laki nne na kitu, pale ilikuwa 175,000. Ukurasa una wafuasi elfu arobaini. Akaandika, "Bei ya mwisho?" Jibu likaja hata dakika haijaisha.

"Karibu sana dada angu. Bei ya mwisho ni hiyo, ila zimebaki mbili tu na kuna mteja wa Mwanza anazitaka zote."

"Naomba unitunzie moja kaka, nakuja Dar Jumamosi."

"Jumamosi zitakuwa zimeisha dada. Weka kianzio nikufungie mzigo wako. 90,000 tu. Iliyobaki utalipa ukishaupokea."

Mpwa wangu akaingiza namba aliyopewa, akaingiza kiasi. Hapo, kabla hajaweka namba yake ya siri, simu ilimwonyesha jina la mtu anayekwenda kupokea pesa. Halikuwa jina la duka, wala halikuwa jina la mwanaume. Lilikuwa jina la mwanamke. Mtoto akashtuka, akauliza. Nampongeza kwa hilo, wengi wetu hata hatuulizi. Akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu dada angu, usiwe na wasiwasi." Akaweka namba ya siri.

Kesho yake asubuhi akaambiwa mzigo umeshafika stendi ya Mbezi, lakini watu wa basi wanadai bima ya 35,000, nayo itarudishwa. Akatuma. Mchana akaambiwa kuna 20,000 ya kodi. Akatuma. Jioni alipouliza namba ya basi, hakupata jibu. Alipofungua ukurasa hakuuona tena. Shilingi 145,000 zilikuwa zimekwenda.

Watu wakifika hapa huuliza: ile ya kwanza tumemwelewa, lakini ya pili na ya tatu alituma kwa nini? Ukilielewa hili umelielewa tapeli nusu nzima. Ile 90,000 aliituma kwa sababu aliamini. Ile 35,000 aliituma kwa sababu aliogopa kuipoteza ile 90,000. Tapeli analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana huanza na kianzio. Pesa yako ya kwanza ndiyo kamba anayokuvutia ya pili. Ukijikuta unatuma pesa ili kuokoa pesa uliyotuma jana, simama hapo hapo, hata kama mtu anakupigia simu na kukuharakisha.

"Mimi mjinga, Mjomba," akaniambia.

Nikamwambia hapana, nikamsimulia habari ya mtu aliyewauzia watu nchi nzima isiyokuwepo.

Mtu huyo aliitwa Gregor MacGregor, Mskoti, mwanajeshi aliyekuwa amepigana Venezuela upande wa Simón Bolívar. Miaka ya 1820 alirudi Uingereza akatangaza kwamba yeye ndiye mtawala wa nchi ya Poyais, huko Amerika ya Kati. Nchi hiyo, kwa maelezo yake, ilikuwa na mji mkuu wenye majengo ya kupendeza na ardhi yenye rutuba isiyo na mfano. Mwaka 1822 kikatoka kitabu cha kurasa zaidi ya 350 kilichoieleza Poyais tangu mito yake hadi mazao yake, na ndani yake mna picha ya bandari. MacGregor akauza mashamba. Akachapisha noti za Poyais, na watu wakampa pauni zao halisi wakapewa noti hizo. Septemba 1822 meli ya kwanza ikang'oa nanga London na abiria wapatao 70. Mwanzoni mwa 1823 ya pili ikatoka Leith, kule Scotland, na wengine wapatao 200. Kati yao walikuwemo madaktari na mtu wa benki, watu waliosoma. Walipofika hawakukuta mji wala bandari. Walikuta msitu na mbu. Malaria na homa ya manjano vikawaangamiza wengi, na waliorudi Uingereza hawakufika 50.

Jambo linaloniuma zaidi katika habari hii ni kwamba baadhi ya hao waliorudi walitia saini hati ya kumtetea MacGregor. Walikuwa wamezika ndugu zao, na bado haikuwaingia akilini kwamba yule mtu mwenye maneno mazuri aliwadanganya. Naye akavuka kwenda Ufaransa, akaanza tena biashara ile ile.

"Sasa hao," nikamwambia mpwa wangu, "walikuwa watu wazima, na picha moja kitabuni iliwavusha bahari. Na pale London walikuwepo mabaharia wa meli za mbao zilizokuwa zikienda Belize, jirani kabisa na huko. Swali moja kwa baharia mmoja lingewaokoa."

Akatulia. Kisha akasema, "Mimi baharia wangu ulikuwa wewe. Unaishi Dar, na sikukuuliza."

Nikamwambia anitumie ile picha. Nikaikuza kwa vidole viwili, kona hadi kona. Simu ilikuwa sawa, meza sawa. Lakini juu kushoto, ukutani, ilionekana nusu ya soketi ya umeme. Inuka sasa hivi ukaangalie soketi ya kwenu. Ina matundu matatu ya pembe nne, moja juu na mawili chini, kama walivyotuachia Waingereza, na ndivyo ilivyo Kenya na Uganda. Ile ya kwenye picha ilikuwa na vitundu viwili vyembamba vilivyosimama wima, kama nyufa mbili. Soketi za namna hiyo utazikuta Marekani na Japani. Ile simu haikuwahi kulala juu ya meza ya Kariakoo. Nikaipitisha picha kwenye Google Lens, ambayo hutafuta mahali pengine picha hiyo ilipotokea, nikaikuta kwenye kurasa za maduka ya nje, meza ile ile na soketi ile ile.

Si kila picha ina soketi, naelewa. Nimewasimulia ili mjue picha inasomwa, haitazamwi tu.

Sasa niwapeleke sokoni Kariakoo kwenyewe, enzi ya marehemu mama yangu. Mama akienda kununua kitenge hakuwa na haraka hata kidogo. Alikishika, akakiinua kwenye mwanga aone kama uzi umeshikana. Akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akalowesha pembe kwa mate, akaibana kwenye leso yake nyeupe aone kama rangi inatoka. Ndipo aulize bei. Akitajiwa bei asiyoitaka aliondoka, tena kweli kweli, mpaka asikie nyuma yake, "Mama, rudi basi, sema yako!" Na kama kitenge kingechuja kwenye maji ya kwanza, mwenye duka alijua mama huyu atarudi Jumatatu na atasimama pale mlangoni mbele ya wateja wote.

Mama alikuwa na macho, mikono na miguu. Macho ya kuona, mikono ya kushika, miguu ya kuondoka na ya kurudi. Ukinunua kwa simu umevua vyote vitatu, umebaki na kidole kimoja kinachobonyeza. Kazi yako yote, kabla hujabonyeza, ni kuvidai virudi.

Macho kwanza. Usikubali picha ya ukurasani. Mwambie muuzaji, "Naomba video fupi ya hiyo simu ikiwa inawaka, na pembeni weka karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo." Mwenye simu mkononi hamalizi dakika tano. Asiye nayo atakupa hadithi: betri imeisha, simu iko stoo, huniamini dada angu? Nisiwe mkali kupita kiasi lakini. Wenyeji wa Kariakoo mnawajua mawinga, vijana wasio na duka ambao hupiga picha bidhaa za maduka ya wengine, wakaziweka kwenye status zao na kujiongezea chochote juu ya bei. Wengi wao ni waaminifu na wanalisha familia kwa kazi hiyo. Kwa hiyo picha ya kuazima peke yake si ushahidi wa utapeli. Ila winga wa kweli yuko pale pale sokoni, anaweza kuingia dukani akakupigia simu ya video ukaona mtaa, duka, na mwenye duka.

Wafuasi elfu arobaini wasikutishe, wafuasi wananunuliwa kama nyanya. Soma maoni. Yakiwa yamefungwa, jiulize yamefungwa kwa sababu gani. Yakiwa yote ni "asante nimepokea mzigo" kutoka kwa watu wasio na hata picha moja kwenye kurasa zao, hao si wateja. Instagram pia ina sehemu inayoeleza kuhusu akaunti: ilifunguliwa lini na kama imewahi kubadili jina. Duka linalodai lina miaka kumi huku akaunti ina wiki tatu limeshakujibu kabla hujauliza.

Mikono sasa. Lipa ukishapokea, kila inapowezekana. Ukiwa mji mmoja na muuzaji, fuata bidhaa dukani mchana, au kutaneni mahali penye watu, na usiende peke yako. Ukiwa mkoani, tafuta mikono ya kuazima. Karibu kila familia ya nchi hii ina ndugu Dar. Shangazi, binamu, jirani aliyehamia, yeyote anayeweza kuingia dukani akashika kitu kwa niaba yako. Kwa simu, mikono hiyo ibonyeze *#06#. Itatokea namba ndefu ya tarakimu kumi na tano, IMEI, ambayo ni kama jina la simu hiyo peke yake duniani. Lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye boksi. Waulizeni wakubwa wenu juu ya Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Tanzania. Watu waliamka asubuhi simu zao hazishiki mtandao tena. Wengi walikuwa wamezinunua kwa pesa halali, wakiamini ni halisi. Dai pia risiti ya EFD, ile ya mashine. Muuzaji asiyetaka kukupa risiti hataki ujulikane uhusiano wenu.

Miguu ndiyo ngumu kuliko yote, na naomba hapa mnisikilize kwa makini. Pesa ya simu ukishaituma ni kama noti uliyomkabidhi mtu mkononi. Ikishatolewa kwa wakala upande wa pili, hakuna kitufe cha kuirudisha. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, wepesi huo umetusaidia sana, na wepesi huo huo ndio unaompendeza mwizi. Kwa hiyo miguu yako ya kuondoka ipo kabla ya namba ya siri tu. Lile jina linalotokea kwenye kioo, lisome herufi kwa herufi. Duka lenye lipa namba huonyesha jina la biashara. Ukitajiwa duka kisha likatokea jina la mtu usiyemjua, usiulize hata maelezo. Ghairi. Hujamkosea mtu adabu. Mama yangu aliondoka madukani maisha yake yote na hakuna aliyesema hana adabu.

Kwa wale mnaoanza kununua nje kwa kadi: usiweke kadi ya benki ya baba kwenye tovuti usiyoijua. Kuna kadi za mtandaoni zinazofunguliwa kutoka kwenye pesa ya simu, ambazo unaziwekea kiasi cha bidhaa unayoinunua tu. Hata zikiibwa, mwizi atakuta patupu.

Na kuhusu tovuti, kuna mambo mawili ambayo walimu hawajayasema vya kutosha. La kwanza ni ile kufuli ndogo ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha karibu na anwani. Watu wengi huambiwa ukiiona kufuli tovuti ni salama. Si kweli. Kufuli ni bahasha iliyobandikwa gundi. Inahakikisha kwamba wa njiani hawasomi barua yako. Haisemi kabisa kama unayemwandikia ni mtu mwema. Mwizi naye ana bahasha.

La pili ni kusoma anwani. Chukua hii niliyoitunga: mfano.co.tz.ofa-leo.xyz/simu. Ukiisoma haraka unaona mfano.co.tz, unatulia moyo. Lakini tafuta mkwaju wa kwanza (ile miwili ya https:// usiihesabu), ile alama iliyolala kabla ya neno simu, kisha rudi nyuma kushoto. Mwenye nyumba husimama hapo, mwishoni. Hapa mwenye nyumba ni ofa-leo.xyz. Yale ya mbele ameyapachika yeye mwenyewe, kama mtu anayeandika jina la hospitali kwenye mlango wa chumba chake.

Linki za namna hii ndizo zinazokuja kwenye makundi ya WhatsApp: pata bando la GB 50 bure, watumie rafiki kumi kwanza. Wewe hupati bando. Unachofanya ni kumbebea tapeli mzigo wake hadi kwa watu wanaokuamini. Na mtu yeyote, hata akijiita wa kampuni ya simu, hata akiwa ni rafiki yako unayemjua sauti, akikuomba zile tarakimu sita za WhatsApp zilizoingia kwenye simu yako, usimpe. Hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako. Ukimpa, dakika chache baadaye ni yeye anayewaandikia shangazi zako kwa jina lako na picha yako, "Naomba uniazime elfu hamsini nitarudisha kesho."

Nawaona pia wengi wenu mnauza. Keki, viatu vya mitumba, hereni za shanga. Nanyi mnawindwa. Mteja anakuonyesha skrinshoti ya malipo, au unapokea ujumbe unaofanana kabisa na ule wa malipo, ila umetoka kwenye namba ya kawaida. Usiangalie ujumbe. Angalia salio. Kama salio halijaongezeka, hakuna aliyelipa, na bodaboda asiondoke na keki. Na mtu akikupigia analia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie wewe kwa mkono wako. Mwambie kwa upole apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, warudishe wao.

Turudi Morogoro. Usiku ule ule tulipiga simu huduma kwa wateja, maana pesa ikiwa haijatolewa huweza kuzuiwa. Ilikuwa imetolewa tayari, yote. Kesho yake dada yangu alimpeleka mtoto polisi, wakapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, na skrinshoti zote za mazungumzo wakaenda nazo, pamoja na jina la yule "mhasibu." Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na kesi haianzi kama hakuna aliyeripoti. Pesa haikurudi. Sitawadanganya hapo.

Lakini kuna jambo mpwa wangu alilifanya ambalo mimi katika umri wake nisingeliweza. Siku ya tatu alibandika mazungumzo yote kwenye status yake, bila kuficha neno, hata pale alipoitwa dada angu akafurahi. Wasichana wawili wa darasani kwake wakamwandikia faraghani. Mmoja alikuwa ameshatuma kianzio kwa ukurasa mwingine wenye maneno yale yale, "mteja wa Mwanza" yule yule, na alikuwa anajiandaa kutuma "bima." Hakutuma.

Mwaka uliofuata mtoto aliuza barafu tena. Alipofikisha pesa alinipigia, akanipa orodha. Nikaenda dukani mtaa wa Aggrey, nikamuunganisha kwa simu ya video, naye kutoka Morogoro akaniamuru kama nahodha: "Mjomba geuza nyuma. Mjomba bonyeza ile namba ya IMEI. Mjomba jina kwenye lipa namba linasemaje?" Akalisikia, akaridhika, akalipa. Risiti nikaiweka ndani ya boksi, boksi nikalipeleka stendi ya Mbezi, nikampigia picha karatasi ya mzigo yenye namba ya basi. Jioni aliupokea.

Sasa nina ombi moja. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, uwe wa simu ya bei chee au ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii," usiufute tu na kuendelea na shughuli zako. Kwa Tanzania, uutume kwenda 15040, kisha ufuate maelekezo ya kuitaja namba iliyokutumia, ili ifungiwe. Kwa Kenya, ukiwa na laini ya Safaricom, utume kwenda 333. Usipofanya hivyo, kesho namba ya tapeli huyo itamfikia mtoto mwingine mwenye kibubu.